Je, wajua kwa nini ligamenti ya goti hukatika bila mchezaji kuguswa?

Winga anakimbia na mpira, anakanyaga chini kwa nguvu ili abadilishe mwelekeo, na mara anaanguka akiwa ameshika goti kwa mikono miwili. Mashabiki wanamgeukia beki aliyekuwa karibu, wengine wanadai kadi, hadi picha za marudio zinapoonyesha kwamba hakuna mguu wa mtu uliofika hata karibu na goti hilo.

Dhana iliyoenea ni kwamba ligamenti za goti, yaani nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa, huharibiwa na rafu. Zipo zinazoharibika hivyo: tarehe 17 Oktoba 2020, Virgil van Dijk wa Liverpool aliumizwa goti alipovamiwa na kipa wa Everton, akakosa sehemu yote iliyobaki ya msimu. Matukio ya aina hiyo hukumbukwa kwa sababu yana mkosaji. Hata hivyo, wataalamu walipochambua video za majeraha 134 ya ligamenti mtambuka ya mbele, ile inayojulikana kwa kifupi kama ACL, miongoni mwa wachezaji wa kulipwa wa soka nchini Italia, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, waligundua kwamba yaliyotokana na goti kugongwa moja kwa moja yalikuwa takribani 12% tu. Katika mengine, ama mchezaji hakuguswa kabisa, ama alisukumwa begani au kiwiliwili akapoteza mizani kabla ya kukanyaga. La kustaajabisha zaidi ni kwamba hali iliyoongoza haikuwa kupiga chenga, bali kumkimbilia mpinzani mwenye mpira ili kumkaba. Kwenye mpira wa kikapu, Derrick Rose wa Chicago Bulls alikatika ACL ya goti la kushoto tarehe 28 Aprili 2012 alipokanyaga kwa miguu miwili ili aruke, na msimu wote uliofuata hakucheza.

Goti lina ligamenti kuu nne: mbili za pembeni na mbili zinazopishana ndani ya kiungo. ACL ni mojawapo ya hizo za ndani. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja, na kudhibiti mzunguko wa mifupa hiyo miwili.

Inakatikaje basi bila kipigo? Fikiria mlango na bawaba zake. Mlango unaofunguliwa na kufungwa kawaida hudumu miaka, kwa kuwa bawaba zimetengenezwa kwa mwendo huo mmoja. Ukiubana mlango kwa chini kwa jiwe, kisha ukausukuma kwa juu huku ukiupinda, kinachong'oka ni bawaba, ingawa hakuna aliyeigusa. Kiatu kilichong'ang'ania uwanjani ndicho hilo jiwe, uzito wa mwili unaogeuka ndio huo msukumo, na goti ndilo bawaba. Mchezaji anapotua kwa mguu mmoja akiwa na goti karibu limenyooka, misuli ya mbele ya paja hujikaza ghafla ili asianguke, na kwa kujikaza huko huuvuta muundi mbele kupitia kano (uzi unaounganisha misuli na mfupa) iliyo chini ya pia ya goti. Misuli ya nyuma ya paja ingeweza kuuzuia, lakini goti likiwa limenyooka huwa haina pembe nzuri ya kuvuta. Goti likiangukia ndani na muundi ukajizungusha, mzigo wote huishia kwenye ligamenti moja.

Makadirio yaliyotokana na video yanaonyesha kwamba ligamenti hukatika ndani ya milisekunde 40 hivi baada ya mguu kugusa chini, yaani sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Muda huo hautoshi ubongo kutambua hatari na kuiamuru misuli ijihami, hivyo kinachoamua usalama wa goti ni jinsi mwili ulivyojipanga ukiwa bado hewani. Tahadhari moja ni ya lazima: baadhi ya watafiti wanahoji kwamba kule kuangukia ndani tunakokuona kwenye video huenda kwa sehemu kukawa tokeo la ligamenti iliyokwisha kukatika. Vivyo hivyo, wanawake huumia ACL mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume katika michezo ileile, lakini mgawanyo wa sababu kati ya maumbile, homoni, mazoezi ya nguvu na viatu bado unabishaniwa.

Dalili za mwanzo ni mlio kama wa kitu kinachokatika na goti kuvimba ndani ya saa chache kwa sababu ya damu inayovujia ndani ya kiungo. Uvimbe huo hupungua baada ya wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hudanganyika: mtu anatembea vizuri kwenye njia iliyonyooka, anarudi uwanjani, anageuka mara moja tu na goti linamponyoka, pengine likichana pia gegedu, ile tishu inayokinga mifupa isisuguane kwenye kiungo.

Ligamenti ya pembeni upande wa ndani mara nyingi hupona bila upasuaji. ACL imezungukwa na majimaji ya kiungo, kwa hiyo damu haigandi vizuri kuunganisha ncha zilizokatika. Ndiyo maana daktari kwa kawaida haishoni, bali huibadilisha kwa kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe. Lakini si kila mtu analazimika kupasuliwa. Katika jaribio la Sweden lililochapishwa mwaka 2010 kwa vijana 121, waliopasuliwa mapema na walioanza na mazoezi tiba hawakutofautiana kwa namna ya maana baada ya miaka miwili, ijapokuwa takribani 40% ya kundi la pili waliishia kupasuliwa.

Kipande kilichopandikizwa nacho kina mambo yake. Seli zake nyingi hufa kwanza, kisha mishipa ya damu na seli mpya huingia polepole, na katika kipindi hicho cha miezi ya mwanzo kipande huwa dhaifu wakati mgonjwa mwenyewe anajisikia vizuri kabisa. Utafiti wa Norway wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takribani nusu. Kalenda peke yake haitoshi: misuli ya paja inapaswa kufikia angalau 90% ya nguvu ya mguu mwingine, na kurukaruka kwa mguu mmoja kupimwe.

Kwa kuwa hatari hujipanga hewani, kinga hufundishwa kabla ya mechi. Programu ya FIFA 11+ ni ya kupasha mwili joto kwa dakika 20 hivi, na ndani yake mchezaji hujizoeza kutua akiwa amekunja goti, huku goti likielekea vidole vya mguu bila kuinamia ndani. Ilipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha majeraha makubwa kupungua kwa karibu nusu, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa timu zilizoifanya mara kwa mara.