Msiuze Vitu Mnunue Maiki: Dhana Potofu za Wanaoanzia Muziki Nyumbani

Kazi yangu ni kufanya miksi, yaani kusawazisha sauti na ala za wimbo uliokwisha kurekodiwa. Nyimbo nyingi zinazonifikia siku hizi hazijapita studio kabisa. Zimerekodiwa chumbani Mbagala, Tabata, Mwanza, nyingine Mombasa, na watunzi wanaoimba wenyewe, wanaopiga gitaa au kinanda wenyewe, wasio na lebo wala meneja. Nawapenda watu hawa na nataka wafike mbali. Ndiyo maana kuna sentensi moja ambayo sasa imenichosha, kwa sababu inawakwamisha kuliko kukosa pesa na kukosa kiki vikijumlishwa pamoja.

"Kaka, nikishapata maiki nzuri ndiyo nitaanza rasmi"

Anayesema hivi mara nyingi ana nyimbo za kutosha albamu nzima kwenye daftari. Anasubiri. Mwaka unapita. Zamu yake ya upatu inafika, au anauza simu, ananunua maiki ya kondensa, anaifunga sebuleni penye vigae chini na jipsamu juu, anaimba. Rekodi inatoka mbaya kuliko ile aliyoifanya kwa simu akiwa amejifunika shuka. Hapo ananitumia, akiuliza kama ameuziwa feki.

Hajauziwa feki. Kondensa inasikia kila kitu, ndiyo sifa yake. Inasikia pumzi, inasikia pangaboi, na inasikia kila kinachorudi kutoka ukutani. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu inatoka mdomoni, inagonga ukuta na kurudi kwenye maiki ndani ya milisekunde chache tu. Sikio haliiti huo mwangwi, maana umewahi mno. Linachosikia ni sauti ya debe, sauti ya bafuni, na msikilizaji anajua papo hapo kuwa wimbo huu ni wa "geto" hata kama hawezi kueleza kwa nini. Zipo programu za kuondoa chumba kwenye sauti na ninazitumia kila inapobidi. Lakini huondoa chumba pamoja na nyama ya sauti yenyewe, na herufi "s" na "sh" zinaanza kulia kama maji.

Kwa hiyo pesa ya kwanza, hata kama ni kidogo, iende kwenye chumba. Na chumba hakihitaji pesa nyingi kama mnavyodhani. Chagua chumba cha kulala kabla ya sebule, chenye kitanda, zulia na kabati la nguo. Fungua milango ya kabati, nguo zining'inie wazi. Zima pangaboi, zima friji kama iko karibu. Ukikaa barabarani, rekodi usiku wa manane bodaboda zikipungua, umalize kabla ya jogoo na adhana ya alfajiri.

Sasa lile ninaloomba mlishike hata mkisahau mengine yote: godoro liwe nyuma yako, si nyuma ya maiki. Karibu kila picha ninayotumiwa inaonyesha sponji limebandikwa ukutani mbele ya mwimbaji, nyuma ya maiki, na nyuma ya mwimbaji kuna ukuta mtupu au dirisha la kioo. Maiki nyingi za kuimbia zimeundwa zisikie mbele na zipuuze nyuma. Mbele ya maiki uko wewe, na nyuma yako uko ukuta unaorudisha sauti moja kwa moja kwenye uso wa maiki. Simamisha godoro la inchi sita au nane hapo nyuma ya mgongo. Pembeni ning'iniza mablanketi mazito, yakae mbali na ukuta kiasi cha shubiri. Nafasi hiyo ya hewa inayaongezea nguvu ya kunyonya sauti, nayo haiuzwi dukani.

Kisha sogea. Ukiwa mbali na maiki mara mbili ya ulivyokuwa, sauti yako inayoingia moja kwa moja inashuka desibeli 6, ilhali kelele za chumba zinabaki palepale. Wengi wanasimama hatua nzima nyuma kwa kuogopa kuharibu, halafu wanaongeza gein, yaani nguvu ya sauti inayoingia, na kinachopanda ni chumba. Kwa kondensa kaa shubiri moja, weka popu filta, kile kichujio cha pumzi, katikati. Kwa dainamiki, aina ya maiki isiyo nyepesi kusikia kama kondensa, karibia zaidi, vidole vinne.

Na ndiyo, dainamiki inatosha. Kwa chumba kisichotulia mimi napendekeza dainamiki kabla ya kondensa yoyote ya bei ileile, kwa sababu ukiiweka karibu na mdomo haichoti sana vya mbali. Mwimbaji wa Marekani Bruce Springsteen aliirekodi albamu yake ya mwaka 1982, Nebraska, akiwa kwenye nyumba huko Colts Neck, New Jersey, kwa mashine ya kaseti ya traki nne na maiki mbili za Shure SM57, ambazo ni dainamiki na hadi leo zimejaa kwenye kumbi na makanisa. Alikusudia iwe demo ya kuwaonyesha wanabendi wake. Bendi ikajaribu nyimbo zile studio, hazikutoa kile kilichokuwa kwenye kaseti, na mwishowe kaseti ndiyo ikawa albamu. Kuihamisha kwenye sahani ya santuri kuliwasumbua mafundi kwelikweli, nisifiche hilo. Lakini hakuna aliyeacha kuisikiliza kwa sababu ya maiki.

Hapa inanibidi niseme na trei za mayai. Naziona kwenye picha nyingine, kuta nne mpaka darini, na mwenye chumba ananiambia kwa fahari kuwa sasa sauti haitoki nje. Inatoka. Kinachozuia sauti kupita ni uzito na kuziba matundu: ukuta wa tofali, mlango mzito, dirisha lililofungwa barabara. Karatasi ya trei haina uzito wowote. Kunyonya mwangwi nako inafanya kidogo mno, inagusa sehemu ya juu ya sauti tu. Wimbi la sauti nzito ya hezi 100 lina urefu wa mita zaidi ya tatu, haliwezi kujua kama trei ipo. Matokeo yake ni sauti iliyofifia juu na inayovuma chini, mbaya zaidi kuimiksi kuliko ya chumba kitupu. Na karatasi ile kavu, ikiwa na nyaya na adapta za moto zilizobanwa nyuma yake, inashika moto kwa kasi. Zitoeni leo.

"Fundi atarekebisha kwenye miksi"

Naweza kupunguza, kuongeza, kusafisha, kunyoosha noti iliyoteleza kidogo. Siwezi kurudisha sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi, kwa sababu pale juu ya sifuri, kiwango cha mwisho cha sauti, kompyuta haikuandika kitu, imekata tu. Rekodi kwa biti 24 na uache kilele cha sauti kikae karibu na desibeli 10 chini ya sifuri. Nafasi ipo tele, hakuna sababu ya kuijaza. Kabla ya kuimba, sehemu ile yenye kelele zaidi ya wimbo ndiyo ya kujaribia gein, si ubeti wa kwanza unaonong'ona.

Na nitumieni WAV, faili la sauti lisilobanwa. Nikipokea sauti iliyotumwa kama voisi noti ya WhatsApp, tayari imebanwa na kilichotupwa hakirudi. Itume kama dokumenti au kwa kiungo cha Drive. Kila traki ianzie sekunde sifuri, hata kama kiitikio kinaingia dakika ya pili. Mtu akinitumia vipande kumi na vinne vya kiitikio visivyo na mwanzo mmoja, siku ya kwanza ya miksi inaishia kwenye kutafuta wapi kikae kipi, na siku hiyo ameilipia yeye.

Na kuhusu "ifanye iwe na sauti kubwa kama ya fulani": kwa kawaida Spotify inasawazisha sauti za nyimbo kwenye kiwango cha LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika). Wimbo uliosukumwa mpaka ukabanana unashushwa tu na kubaki umebanana.

"Mbona Billie Eilish alifanya yote chumbani?"

Hili naambiwa na vijana wenye akili kabisa, kwa hiyo nilijibu kwa heshima. Ni kweli albamu ya kwanza ya mwimbaji huyo wa Marekani, ya mwaka 2019, ilirekodiwa kwenye chumba cha kaka yake Finneas, nyumbani kwa wazazi wao Los Angeles, na Januari 2020 ikachukua Grammy ya albamu bora ya mwaka. Lakini miksi ilifanywa na Rob Kinelski na mastaring, yaani umaliziaji wa mwisho baada ya miksi, ikafanywa na John Greenham, wote mafundi wa kazi hiyo. Nyuma ya usambazaji ilikuwapo lebo kubwa, Interscope. Na binti huyo alishakuwa kwenye kwaya ya watoto ya Los Angeles tangu utotoni, yaani sauti ilifundishwa miaka mingi kabla ya maiki yoyote kuwashwa.

Kuwa msanii huru maana yake ni wewe unayeamua na wewe unayemiliki. Haina maana ya kufanya kila kitu peke yako. Kama una pesa ya kumlipa mtu mmoja tu, mlipe mwenye masikio mapya. Anaweza kuwa mtu wa miksi, anaweza kuwa mwalimu wa sauti. Wewe umeusikiliza wimbo wako mara nyingi mno, husikii tena kuwa kiitikio kinachelewa.

"Nimeshaupandisha YouTube, kwa hiyo umesajiliwa"

Hapana, na wala hukuhitaji YouTube ili uwe wako. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994 na ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999: haki inaanza pale kazi inapotungwa, na hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kujiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Fanya hivyo, ila usichanganye mambo.

Linalowaponza zaidi ni kutojua kuwa wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi. Na kuna rekodi yenyewe, ile masta. Wenye mali hizo wanaweza kuwa watu tofauti kabisa. Wimbo uliomtoa Billie Eilish kwenye SoundCloud mwaka 2015 uliandikwa na Finneas, si yeye, na utunzi huo ni wa kaka hata kama dunia nzima inajua sauti ya dada. Kenya wameligawa hili waziwazi: watunzi wana chombo chao, waimbaji na wapiga ala wana chao, wenye rekodi wana chao. Ukijiandikisha upande mmoja, pesa ya upande mwingine huioni.

Kwa hiyo rafiki aliyekutungia ubeti mmoja kitandani kwako akipiga gitaa ana sehemu yake. Andikeni asilimia siku hiyohiyo, jina, tarehe, sahihi, karatasi moja tu. Msisubiri wimbo uende mjini, maana ukishaenda kila mtu anakumbuka kuwa alichangia zaidi. Na biti, ule muziki uliotengenezwa tayari wa kuimbia, uliyoilipia mtandaoni kwa bei ya chini kwa kawaida umepewa ruhusa ya kuitumia, hukuinunua. Wengine nao wana ruhusa hiyohiyo. Ukiisajili kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu, kana kwamba ni yako peke yako, utaanza kupiga madai video za watu wasio na kosa, na wao watakurudishia. Soma leseni kabla hujaimba juu yake.

"Zikifika streams nyingi nitaacha kazi"

Hakuna bei maalumu ya stream moja, yaani wimbo kusikilizwa mara moja mtandaoni. Spotify, ambayo ilifika kwetu na Kenya mwaka 2021, inagawa kapu la mapato kwa uwiano wa usikilizwaji. Na tangu 2024, wimbo usiofikisha streams 1,000 ndani ya miezi 12 haupati mirabaha ya rekodi kabisa. Kwa video za kawaida YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndipo ugawiwe matangazo. Wasanii huru ninaowafahamu wanaoishi kwa muziki wanaishi kwa shoo ndogondogo, harusi, kutungia wengine na kutungia matangazo. Mtandao unawaletea watu wa kuwaita.

"Demo za zamani nilizifuta, zilikuwa za nyumbani tu"

Hili linaniuma. Miaka inapita, msanii anaanza kujulikana, anakuja mtu wa filamu au tangazo anataka wimbo ule wa kwanza, ule wa gitaa na sauti tupu. Anaomba toleo lisilo na sauti ya mwimbaji ili mazungumzo yasikike juu yake. Anayebaki na MP3 moja iliyokuwa kwenye simu hana cha kumpa. Kila wimbo ukiisha, toa traki zote mbichi kama WAV, toa instrumento, andika tempo na kii kwenye jina la folda, weka na ile karatasi ya asilimia iliyopigwa picha. Nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje inayolala nyumba nyingine, ya tatu mtandaoni. Hata wimbo ambao leo unauonea aibu.