Umeipa 255, mbona kiti haipati?

Umeme ulikuwa umekatika usiku kucha. Asubuhi kijana ninayefanya naye kazi akanipigia: "Kaka, ile rauta kubwa si niliipa kipaumbele 255? Juzi ndiyo ilikuwa teule. Leo kiti kimekaliwa na ile ndogo kuukuu ya ghorofa ya chini."

Nikamwuliza ipi iliwaka kwanza umeme uliporudi. Akanyamaza kidogo. "Ile kuukuu. Haina mengi ya kupakia."

Basi, jibu tayari alikuwa nalo. Watu wengi husoma kwamba kwenye OSPF, utaratibu wa rauta kuambiana njia za kupitishia data, mwenye kipaumbele kikubwa ndiye anayeshinda kiti cha teule, wakaishia hapo. Kwa kweli kipaumbele huangaliwa pale tu kiti kinapokuwa wazi. Kikiwa na mwenyewe, hata uje na 255 utakaa pembeni kama wengine.

Turudi nyuma kidogo: kwa nini kuna uchaguzi? Rauta zilizochomekwa kwenye swichi moja, ndani ya VLAN moja (mtandao mmoja uliotengwa ndani ya swichi), zinasikiana zote. Kila jozi ikitaka kulinganisha hifadhidata zake, rauta 10 zitahitaji mahusiano kamili 45. Zikiteua moja ya kupokea habari, ndiyo teule, na nyingine ya akiba, yanabaki 17. Yenye habari mpya huituma kwa anwani 224.0.0.6, wanayoisikiliza hao wawili tu, kisha teule huitangazia hadhira nzima kwa 224.0.0.5. Zilizobaki huishia hatua ya 2-Way baina yao, yaani zinatambuana tu bila kulinganisha hifadhidata. Wanaoanza kazi wakiona 2WAY/DROTHER (jirani aliye hatua hiyo, si teule wala akiba) kwenye skrini hukimbilia kubadilisha nyaya. Acha nyaya, hakuna kilichoharibika. Na tusichanganye mambo: data ya watumiaji haipitii kwa teule kwa sababu ya cheo chake. Yeye ni karani wa kikao, si mbeba mizigo.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kwenye Etheneti kila rauta hutuma salamu ya Hello kila sekunde 10, na ndani ya salamu hutaja kipaumbele chake, kitambulisho chake, na nani inamtambua kuwa teule na nani wa akiba. Rauta iliyotoka kuwaka haijipendekezi mara moja. Inaacha nafasi hizo mbili zikiwa 0.0.0.0, yaani tupu, na kusikiliza hadi sekunde 40. Ikisikia kuna waliokwisha kukaa, inawakubali. Isiposikia mtu, inajitangaza. Hapo ndipo ile kuukuu ilipopata ulaji: ilipiga salamu, ikasubiri, ikaona ukumbi mtupu, ikakaa. Mwenzake wa rika moja akafuata, akachukua akiba. Ile kubwa wakati huo ilikuwa bado inapakia programu yake.

Zikiwaka pamoja, wa akiba huchaguliwa kwanza, na pasipokuwa na aliyejitangaza teule, huyo wa akiba hupandishwa, kisha anatafutwa wa akiba mwingine. Kipaumbele kikilingana, kitambulisho kikubwa ndicho kinachoamua. Ukichanganya vifaa kuwa mwangalifu: rauta za Cisco huanza na kipaumbele 1, za Juniper huanza na 128, kwa hiyo unaweza kuwa umeshafanya uamuzi bila kujua.

Mimi naona waliotunga utaratibu huu walifanya sawa. John Moy aliuandika kwenye RFC 2328, waraka wa kanuni za mtandao wa mwaka 1998, na kusudi lake linaeleweka: teule akibadilika, mahusiano yanajengwa upya na njia zinapigiwa hesabu tena. Fikiria rauta yenye umeme wa kusuasua, inazima na kuwaka, na kila ikirudi inadai kiti. IS-IS, utaratibu mwingine wa kazi hiyo hiyo, ilichagua kinyume: mwenye kipaumbele kikubwa akiingia anachukua nafasi papo hapo, na wa akiba hayupo kabisa. Nayo inafanya kazi, lakini ulinganishaji wake wa habari kwenye LAN ni wa namna nyingine.

Kijana hakusubiri nimalize maelezo. Aliianzisha upya OSPF kwenye ile kuukuu, akanipigia tena baada ya dakika chache, sauti imepanda. Wa akiba alikuwa amepanda kuwa teule, na ile kubwa imeishia kuwa akiba! Ndivyo inavyotakiwa; ulihitaji kuwaondoa wawili, si mmoja.

Nikamwambia aache kuhangaika na 255. Aweke 0 kwenye zile ndogo zote mbili, kwa kuwa yenye sifuri haigombei kamwe, hata ikibaki peke yake ukumbini. Kisha aianzishe upya OSPF kwenye ile iliyokalia kiti. Kubwa ikapanda. Nafasi ya akiba tukaipa rauta ya pili ya ghorofa ya juu, kwa kipaumbele 200.

Tukiwa humo humo tukagusa na kiungo kinachounganisha zile mbili za juu moja kwa moja. Rauta mbili kwenye waya mmoja, na bado zilikuwa zinapiga kura. Tukakiweka kuwa cha nukta kwa nukta, ambako hakuna uchaguzi, pande zote mbili, na zile sekunde 40 za kusubiriana zikaondoka.