Televisheni bapa si lazima iwe ya dijitali

Wengi nchini Uganda huamini kwamba televisheni ikiwa bapa haihitaji king'amuzi, na kwamba ile yenye mgongo mkubwa imekwisha kazi. Ni rahisi kuelewa imani hiyo ilikotoka, kwa kuwa skrini nyembamba na matangazo ya dijitali yalituingilia majumbani karibu wakati mmoja.

Lakini wembamba ni habari ya skrini tu. Kinachopokea matangazo ni kifaa kidogo kilichomo ndani, na Uganda hurusha matangazo ya ardhini kwa mfumo uitwao DVB-T2. Huo ulitoka 2009, kwa hiyo televisheni bapa nyingi za awali, hasa za mitumba, hupokea analojia pekee au DVB-T ya kwanza, ambayo haisomi T2. Hizo zinahitaji king'amuzi. Ile ya mgongo nayo, ikiwa na matundu ya nyaya nyekundu, nyeupe na njano, itaonyesha vizuri ikiunganishwa nacho. Inaniuma kuona familia ikiuza seti nzima kwa bei ya kutupa.

Kabla ya kununua, soma kibandiko cha nyuma na utafute herufi T2. S2 ni ya dishi la setilaiti. Kisha mwombe muuzaji achomeke antena ya kawaida ya UHF na kutafuta chaneli za dijitali mbele yako. Zisizolipiwa zikitokea bila king'amuzi, kipokezi kimo ndani.