Nyumba ya Harriet Beecher Stowe: maneno ya mitaani na ukweli wake

"Tom alikuwa kibaraka wa Wazungu." Hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, hata asiyejua kitabu hulijua tusi hilo. Lakini katika Uncle Tom's Cabin, kitabu cha Mmarekani Harriet Beecher Stowe cha kupinga utumwa kilichotoka 1852, Tom, ambaye ni mtumwa, anapigwa hadi kufa kwa kukataa kusema walikojificha Cassy na Emmeline, wanawake wawili watumwa. Anakiri mbele ya bwana wake kwamba anajua walipo, na bado hasemi. Kibaraka gani huyo? Tom mnyenyekevu tunayemcheka alienezwa zaidi na michezo ya jukwaani, waigizaji Wazungu wakijipaka masizi usoni na kuipotosha hadithi wapendavyo. Kitabu chenyewe hakikosi lawama: kinamchora Mwafrika kana kwamba upole amezaliwa nao, na James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, alikishambulia vikali mwaka 1949. Mimi naona Baldwin alikuwa na haki yake.

"Stowe alikiandikia kitabu hicho katika nyumba yake ambayo leo ni makumbusho." La, alikiandikia Brunswick, Maine. Nyumba ya Hartford, Connecticut, aliihamia 1873, akakaa humo hadi alipofariki 1896.

"Rais Lincoln alimwita Stowe mwanamke mdogo aliyeanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani." Maneno matamu, ila yalichapishwa zaidi ya miaka 30 baada ya siku yanayodaiwa kusemwa.

"Makumbusho ni viti na vikombe vya marehemu." Vyombo vipo, kwa sababu mjukuu wa dada yake, Katharine Seymour Day, aliinunua nyumba hiyo 1924 isipotee. Lakini mgeni haongozwi tu kutazama. Huulizwa maswali, akajibizana na wenzake kuhusu ubaguzi na haki za leo. Kituo kinachoendesha makumbusho hayo pia hutoa tuzo kwa waandishi wanaopigania haki: mwaka 2013 ilimwendea Michelle Alexander, aliyeandika jinsi magereza ya Marekani yanavyowameza watu weusi.

"Utumwa wa Marekani hautuhusu." Panda boda hadi Patiko, kaskazini mwa mji. Juu ya majabali yale wafanyabiashara waliotoka Khartoum waliwakusanya Waacholi kabla ya kuwapeleka kuuzwa, mpaka Mwingereza Samuel Baker alipopageuza ngome yake mwaka 1872. Kibao cha pale kinamtaja Baker, pamoja na Gordon na Emin, magavana waliokuja baada yake. Aliyefungwa minyororo hatajwi hata mmoja. Nikifika na wanafunzi huwauliza, kwa mtindo wa Hartford, nani alistahili kuandikwa pale, na kabla hawajamaliza kujibu dereva wetu huwa keshaingilia na hoja zake.