Milioni moja na moja inagawanyika

Hapa Mbeya tumeisikia tangu shule ya msingi: namba kubwa ikiishia na 1 au 7, na 3 ikagoma kuigawanya, hiyo ni namba tasa, yaani haigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe. Si kweli. Chukua 1,000,001. Jana, kwenye banda letu la viazi Mwanjelwa, mwanangu aliijaribu kwa 7, 11, 13, akapanda namba tasa zote mpaka 97. Penseli imebaki kipisi, na kila mara kuna baki. Nikamwambia asiache, ajaribu inayofuata. 101 ikaingia mara 9,901 kamili! Hata mwanahisabati Fermat wa Ufaransa aliamini 4,294,967,297 ni tasa; mwaka 1732 mwanahisabati mwenzake Euler akaonyesha kwamba 641 inaigawanya. Tarakimu ya mwisho inakuambia tu kama namba inagawanyika kwa 2 na 5.