Reli Haizuii Bunduki

Nimeisikia tena, safari hii semina nzima ikapiga makofi: reli ya SGR ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, ikikamilika, uchumi wa ukanda huu utapaa na vita vitakoma vyenyewe. Kazi yangu ni kutafiti biashara ya mpakani hapa Kigoma. Naitaka hiyo reli kuliko wengi. Ila vita vitakoma vyenyewe? Jamani.

Kwanza watu huchanganya mambo mawili. Nchi ikitajirika, uwezekano wa uasi wa ndani hupungua. Hilo takwimu zinaliunga mkono, tusibishane. Vita vya nchi na nchi ni habari nyingine. Mwaka 1914 Uingereza na Ujerumani zilikuwa tajiri na zikiuziana bidhaa kwa wingi, na zikapigana hadi humu ziwani: Liemba mnayoiona bandarini ilikuwa meli ya kivita ya Wajerumani. Mwaka 1941 Japani ilitegemea mafuta ya Marekani; ilipokatiwa ikashambulia Pearl Harbor. Hapo kutegemeana ndiko kulikoharakisha vita.

Kinachonikera hasa ni kusema "biashara" kana kwamba wote wanaofaidika nayo wana sauti sawa. Nenda Kibirizi, bandari ya maboti hapa Kigoma, asubuhi. Wachukuzi wanapandisha saruji kwenye maboti ya mbao yaendayo Kongo, pembeni mama anahesabu madumu yake ya mawese huku akibishana na mteja kuhusu bei ya faranga. Ziwa likifungwa huyo mama hana mtaji wa kesho. Hakuna anayeitaka amani kumzidi. Sasa niambie, ni kikao gani cha wakuu wa majeshi kilichowahi kumuuliza?

Halafu ipo biashara inayolisha vita. Rubaya, huko Kivu Kaskazini, waasi wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema wanasaidiwa na Rwanda, waliuteka mji mwaka 2024, na wataalamu hao wakakadiria kuwa ushuru wa koltani, madini ya kutengenezea vifaa vya elektroniki, uliwaingizia takriban dola 800,000 kwa mwezi. Kongo na Rwanda zote zimo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Kongo ijiunge 2022, soko moja kwenye karatasi. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23 haohao.

Najua nitaletewa Ulaya: makaa ya mawe na chuma, mkataba wa 1951, Wafaransa na Wajerumani wakapatana. Sawa. Lakini miaka hiyohiyo majeshi ya Marekani yalikuwa yamepiga kambi Ujerumani, na wote wakiwaogopa Wasovieti. Soko ndilo lililowapatanisha, au hofu? Au walikwishachoka kupigana, ndipo biashara ikapata nafasi? Vitabu vyetu hujibu kwa kujiamini; mimi sijaona aliyevitenganisha vitu hivyo akaniridhisha.

Kwa hiyo semina ijayo, mwenye kuileta hoja ya reli aje na majina: nani atapata hasara mpaka ukifungwa, na yupi kati yao anapokelewa simu Ikulu, iwe ya Gitega, Kigali au Kinshasa.