Maji Meupe Baada ya Bomba Kusuuzwa: Maswali ya Akina Mama na Majibu ya Nesi

Kusuuza mabomba ni nini?
Ni kufungua valvu za bomba kuu ili maji yapite kwa kasi kuliko kawaida na kung'oa kutu na tope lililotuama ndani. Ni kazi ya lazima, na kwa muda maji huweza kutoka na rangi ya chai.

Yakishakuwa meupe, naweza kumpa mtoto papo hapo?
Hapana. Weupe huonyesha kwamba tope limeondoka. Vijidudu havionekani kwa macho. Hapa Mwanza, hasa nyumba za milimani zinazopata maji kwa mgao, bomba linapokauka shinikizo hushuka, na mahali penye ufa maji machafu ya mtaroni huweza kuingia. Maji yakirudi, akina mama hujaza ndoo, na baada ya siku chache tunapokea watoto wanaohara, huku tukiambiwa, "Lakini nesi, yalikuwa meupe kabisa!" Nawaomba tena: weupe si kipimo.

Na nikiyatia shabu yakawa kama kioo?
Bado hapana. Shabu huzamisha tope, nayo haitoshi kuua vijidudu. Hata kwenye mitambo ya kusafisha maji ya Ziwa Victoria, tope likishazamishwa na maji kuchujwa, klorini huongezwa. Chujeni maji kwa kitambaa safi, halafu ama yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika moja, au tieni kidonge cha klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti na kusubiri nusu saa. Kisha msichovye kikombe pamoja na vidole ndani ya ndoo, tabia ambayo tumeikataza mara nyingi mno.

Siku ya kusuuza nifanye nini?
Usijaze simtanki wala usifue nguo nyeupe. Fungua koki iliyo karibu na mita mpaka rangi iishe.

Mtoto ameanza kuhara. Nisubiri hadi kesho?
Usisubiri. Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) mara moja, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, uendelee kumnyonyesha, kwa kuwa kumnyima maziwa ati tumbo lipumzike kunamwongezea hatari. Akiwa na macho yaliyobonyea, akishindwa kunyonya, akitoa choo chenye damu au kilicho kama maji ya mchele, mleteni saa hiyo hiyo, hata usiku, kwa sababu kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache. Mkifika, tuambieni alikunywa maji gani, hata kama yalikuwa meupe.